Mpini wa Vidole Vinne

Usiku wa jana niliota kwamba mashine yetu ya kupukuchua mahindi imeniita kwenye usaili. Barua ya wito ilikuwa imebandikwa kwa grisi kwenye mlango wa chumba changu bwenini, nayo ilinitaka nifike karakana nikiwa na kitambulisho cha chuo na mikono yote miwili. Sikuona ajabu yoyote. Nilivaa koti la kazi, nikafunga vifungo vyote, nikaenda.

Kabla sijaendelea, inafaa nieleze mashine hiyo ni ipi, kwa kuwa ndotoni hakuna aliyejishughulisha kueleza. Sisi ni wanafunzi watatu wa mwaka wa tatu, uhandisi mitambo: Lusajo, Ghati, na mimi, Nakijwa. Kwa Mradi wa Ubunifu wa mwaka huu tulipangiwa kikundi cha akina mama wa kijiji cha Mkindowa, ambao hupukuchua mahindi yao kwa vidole, tuwabunie mashine ya kuzungusha kwa mpini. Mwongozo ulitutaka twende kijijini, tuketi na watumiaji kumi na wawili, tuwahoji na kuipima mikono yao.

Wiki ya kwanza mvua ilikata barabara. Wiki ya pili haikunyesha, lakini tulikuwa na majaribio ya darasani. Wiki ya tatu tulikaa kwenye mgahawa wa chuo, tukaagiza chipsi mayai, tukajaza fomu zote kumi na mbili wenyewe. Tuliweka viganja vyetu vitatu mezani, tukavipima upana, tukajumlisha na kugawanya kwa tatu, tukapata milimita themanini na mbili. Kwa kipimo hicho tulichonga mpini wa mti wenye mifuo minne, mfuo mmoja kwa kila kidole. Kila aliyeushika pale chuoni aliusifu. Hata mimi niliusifu.

Fomu ya kwanza niliijaza mimi. Jina nililitunga papo hapo: Mwantumu Lugendo, miaka arobaini na saba. Ghati alisema ni jina linaloaminika.

Ripoti ilitakiwa ikabidhiwe leo saa nne asubuhi. Ukurasa wake wa mwisho una tamko lisemalo, "Nimempima mtumiaji kwa mikono yangu," na chini yake nafasi ya saini ya mkuu wa vipimo. Mkuu wa vipimo ni mimi. Jana nililala sijasaini.

Basi, nafika karakana.

Hakuna taa inayowaka wala dirisha lililo wazi, lakini kuna mwanga mweupe kama karatasi ya kuchorea, mwanga usiotoka upande wowote. Mashine zimesimama bila vivuli. Natazama miguuni pangu na kuona kwamba mimi pia sina kivuli. Badala yake, sakafuni nimezungukwa na mistari myembamba ya penseli yenye mishale kila upande, kama mtu anayesubiri kuandikiwa vipimo.

Mlangoni, kwenye meza ya mapokezi, ameketi utepe wa kupimia. Amejikunja vizuri, ulimi wake wa chuma umetoka kidogo.

"Umekuja na chanzo?" anauliza.

"Chanzo gani?"

"Kila kipimo kiwe na chanzo. Kanuni ya pili. Wenzako wasio na vyanzo wanasubiri pale."

Ananionyesha benchi la ukutani. Vipimo vimeketi kwa mstari, kimya, kama watu waliopewa namba hospitalini. Mwishoni kabisa ameketi Themanini na Mbili. Amevaa tai. Uso wake ni theluthi ya uso wangu, theluthi ya uso wa Lusajo na theluthi ya uso wa Ghati, na mahali vipande vinapokutana panaonekana mshono wa gundi ambao haukusawazishwa. Anaponiona anasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," namjibu, ingawa ni dhahiri kwamba amenizidi umri. "Hujambo?"

"Sijambo, ila nabanwa."

Napita.

Lusajo na Ghati wamekwisha kufika. Lusajo yupo kwa mwonekano wa ubavu tu, kama kwenye michoro yetu ya darasani: sikio moja, jicho moja, mkono mmoja. Akijaribu kunigeukia anakuwa mstari mwembamba, kisha hayupo, kisha anarudi akitazama upande mwingine. Ghati yeye ameletwa kwa mwonekano wa juu. Yupo sakafuni, nywele zilizosukwa, mabega na ncha za viatu, na ili kuzungumza naye sharti nisimame nimtazame kwa chini.

"Mbona umechelewa, mkuu wa vipimo?" anasema Lusajo kwa nusu ya mdomo aliyonayo.

"Barua ilichelewa."

"Haya, saini tuondoke. Mwenzio tangu asubuhi nimetazama ukuta mmoja, shingo imekakamaa."

"Wewe una nafuu," Ghati anasema kutoka sakafuni. "Mimi hapa wamenifutia miguu mara mbili."

"Nani?"

"Hawa wa jopo. Wamenidhania zulia."

Jopo limeketi mbele, kwenye meza ndefu. Mwenyekiti ni Jiliwa, yule mkubwa wa chuma ambaye sote hubania vyuma kwake tunapokata. Taya zake zimefungwa, na ili atamke neno lazima skrubu yake ijizungushe, kwa hiyo kila sentensi hutanguliwa na mlio mrefu wa chuma kikavu. Katibu ni Tupa, kile chuma cha kunolea, ambaye huandika kwa kukwangua. Dokta Kyaruzi, msimamizi wetu wa mradi, hakuja. Ametuma miwani yake. Imewekwa juu ya kiti, mikono yake imekunjwa, na inanitazama.

Katikati ya karakana imesimama mashine yetu, imepakwa rangi ya kijani, bado mbichi. Inapumua.

"Mkuu wa vipimo," Jiliwa anasema. "Ulimpima mtumiaji?"

"Fomu zimejazwa, mwenyekiti."

Tupa anakwangua jibu langu. Miwani ya Dokta Kyaruzi inashuka kidogo, kama ilivyo kawaida yake mtu akijibu swali ambalo hakuulizwa.

"Mtumiaji aingie," anasema Jiliwa.

Anaingia mwanamke. Urefu wake ni sentimita mia moja hamsini na nane kamili. Najua, kwa sababu niliandika mimi. Amejitanda khanga, na mahali ambapo khanga huwa na maneno yake pameachwa patupu. Anatembea taratibu, bila sauti ya miguu, hadi anasimama mbele yangu hatua moja.

Hana uso. Haukuharibika wala haukufunikwa. Fomu haikuuliza uso. Pale ambapo ungekuwapo kuna mistari mitatu ya nukta nukta, iliyoachwa kwa ajili ya mtu kujaza.

"Shikamoo, mama," nasema.

Hajibu. Nukta hazitikisiki. Naisikia damu ikinipanda masikioni, kwa kuwa katika maisha yangu yote sijawahi kumwamkia mtu wa rika la mama yangu nikaachwa hivihivi.

"Fomu haikuwa na nafasi ya salamu," anaeleza Tupa. "Iliondolewa ili fomu itoshe ukurasa mmoja."

Hilo ni kweli. Niliiondoa mimi.

"Wewe ni Mwantumu Lugendo?" nauliza.

"Ndiyo." Sauti inatoka kifuani pake, bapa, kama imepigwa tiki.

"Umetoka mbali?"

Kimya.

"Ana majibu matatu tu," Tupa ananinong'oneza. "Ndiyo, Hapana na Wakati Mwingine. Usimchoshe."

Jiliwa anaamuru mtumiaji ajaribu kifaa. Mwantumu anaisogelea mashine. Mpini wetu umemwelekea, na mifuo yake minne imefunguka kama midomo ya vifaranga.

"Tunasubiri wanne," unasema mfuo wa kwanza.

Mwantumu anatoa mkono wa kulia chini ya khanga na kuuweka juu ya mpini. Kidole cha shahada kinaishia kwenye kiungo cha kwanza. Cha kati pia. Ngozi ya pale vilipoishia ni laini, inang'aa, imevutwa kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba.

"Wamefika wawili," unasema mfuo wa tatu.

"Na gumba," unasema wa nne.

"Gumba huwa hahesabiwi."

Mkono wa Mwantumu unateleza. Anaurudisha. Unateleza tena. Rangi ya kijani inabaki kiganjani pake, na kila anapojaribu, mashine inavuta pumzi.

"Lakini mimi nilimwandikia mkono mzima," naliambia jopo. "Mama, mimi ndiye niliyekutunga."

"Hapana," anasema Mwantumu.

"Nilikutunga mgahawani. Ghati shahidi."

"Hapana."

Namtazama Ghati. Mabega yake yamepanda juu, yaani hata yeye hajui. Naanza kuelewa kwamba huyu mama hawezi kunieleza lolote isipokuwa nimpe swali linaloingia kwenye majibu yake, na kwamba tangu aingie humu sijamuuliza hata moja lenye maana.

"Ulizaliwa hivyo?"

"Hapana."

"Vilikatwa?"

"Ndiyo."

"Na mashine?"

"Ndiyo."

"Mashine hii?"

"Hapana."

"Iliyoletwa kabla ya hii? Na wanafunzi?"

"Ndiyo."

Mashine yetu inakohoa. Punje chache za mahindi zinadondoka sakafuni, nazo hazitoi sauti.

"Alikuwa kaka yangu," inasema. "Meno yake hayakuwa na kifuniko, lakini alipendeza sana. Alipata alama themanini na moja."

Natazama meno ya mashine yetu. Tulichora kifuniko chake kwenye karatasi. Fundi aliishiwa bati, tukakubaliana kwamba kitafungwa baadaye.

Hapo karakana inakuwa mgahawa wa chuo. Haibadiliki polepole. Imekuwa mgahawa, na sisi sote tumeketi. Kwenye meza zilizotuzunguka wapo wanawake wengine kumi na mmoja wasio na nyuso, kila mmoja mbele ya sahani ya chipsi mayai inayotoa moshi. Hawali. Hawana pa kupitishia. Wameweka mikono chini ya meza na wanasubiri kwa heshima, na moshi unapanda mbele ya nukta zao.

Jiliwa amebanwa sasa kwenye meza iliyo karibu nasi, kati ya chupa ya tomato na chumvi. Anasoma uamuzi.

"Mtumiaji halingani na kifaa. Kanuni ya saba inasema, visipolingana, kimojawapo kirekebishwe."

"Urekebishwe mpini," nasema haraka.

"Mpini umeshapakwa rangi."

"Rangi yenyewe haijakauka, mwenyekiti."

"Ndiyo maana hauwezi kuguswa."

Lusajo anakubali kwa kichwa. Hoja hiyo ameiona ina mantiki.

"Kwa hiyo atarekebishwa mtumiaji," Jiliwa anaendelea. "Ataongezwa vidole viwili. Katibu, vipimo vya vidole hivyo vina chanzo gani?"

Themanini na Mbili anasimama kwenye meza ya nyuma. Anaikaza tai yake. Mkono wake, ambao theluthi yake ni yangu, unaninyooshea.

"Ni mama yangu yule pale," anasema. "Samahani, mama."

Taya za Jiliwa zinaanza kufunguka. Sijawahi kuziona zikifunguka kiasi kile. Ndani mna giza la mafuta, na harufu ya chuma kilichokatwa sasa hivi.

Tupa ananisogezea ripoti. Imefunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Ukisaini kwamba ulimpima," ananieleza kwa upole wa karani, "basi vidole vyake vipo. Kama vipo na yeye hana, vitatolewa pale vilipopimwa. Hakuna dhuluma hapo. Saini kwanza, kisha weka mkono."

"Nisiposaini?"

"Mradi haupokelewi. Mtadisko wote watatu."

Kudisko, kwa asiyejua, ni kuondolewa chuoni na kurudi nyumbani na begi. Baba yangu ana picha yangu ya siku ya kuripoti chuo, ameitundika sebuleni, na wageni huonyeshwa kabla ya kupewa chai.

"Nakijwa, sikiliza," Lusajo anasema kwa ule upande wake mmoja. "Ni vidole viwili tu. Unavyo kumi. Utabaki na vinane. Vinane kati ya kumi ni asilimia themanini. Hiyo ni daraja la A."

"Lusajo, hebu nyamaza," anasema Ghati kutoka chini ya meza.

"Kwani nimekosea hesabu?"

"Hujakosea. Ndiyo maana nakwambia unyamaze."

Nakiri kwamba nilishika kalamu. Nakiri pia kwamba nilifikiri, kwa makini na kwa utaratibu, kuwa huenda hiyo ni haki. Nilijiunga na uhandisi kwa sababu niliamini kwamba kitu kilichobuniwa vizuri kinaweza kumpunguzia maumivu mtu usiyemjua. Kwenye barua yangu ya kuomba nafasi niliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari. Kama maumivu lazima yawe ya mtu, nilijiambia, basi yawe yangu. Niliweka mkono wa kulia kati ya taya. Chuma kilikuwa baridi, kisha kikawa na joto la mwili.

Skrubu inaanza kuzunguka.

Mwantumu amesimama pembeni. Sioni anatazama wapi. Na ghafla napatwa na wasiwasi mdogo, wa kijinga kabisa, wa mtu anayekaribia kutoa zawadi: sijui kama anaitaka.

"Mama," nasema. "Unataka vidole vyangu?"

"Hapana."

Skrubu inasimama.

"Swali hilo halimo kwenye fomu," anasema Tupa.

"Basi unataka nini?"

Wanawake kumi na mmoja wanageuza nukta zao kwangu. Miwani ya Dokta Kyaruzi imeingia ukungu.

"Swali hilo halina kisanduku cha kujibia," Tupa anasema. "Huwezi kuuliza swali lisilo na kisanduku."

Nautoa mkono kwenye taya. Unatoka kwa shida, ukiwa na alama ya meno ya chuma. Naigeuza ile fomu ya kwanza upande wa nyuma, ambao haukuchapwa kitu, nachukua penseli na kuchora kisanduku. Kinajaza ukurasa wote. Sitengi nafasi ya tiki. Namsogezea Mwantumu.

Mdomo ndio unaotangulia. Unajichora kwenye mstari wa chini wa nukta, polepole, mdomo mpana wenye mwanya. Kisha pua. Macho yanakuja mwisho, mekundu kidogo kwa vumbi la mahindi.

"Marahaba, mwanangu," anasema. "Nilikusikia toka mwanzo."

Namvutia kiti.

"Sasa wewe wataka kujua nataka nini. Haya. Huo mpini wenu utoeni hivyo vishimo. Nani kawaambia mkono wa mtu ukae kama mayai kwenye trei? Fanyeni mnene, mlaini, nisukume kwa kiganja. Na uwe mrefu, nikichoka niongeze mkono wa pili. Na hayo meno," anaielekezea mashine kidevu, "yafunikeni. Mnifunikie kabla hamjapaka rangi."

"Ndiyo, mama."

"Haya, si unipime? Umeshika penseli kama mtu anayekwenda kuandika barua ya posa."

Lusajo anacheka. Hakukusudia.

Natoa mfukoni kalipa, kile kifaa cha kupimia kwa milimita, naukunjua mkono wake juu ya meza. Ni wa moto, mzito, una sugu pembeni mwa gumba. Kiganja, milimita sabini na sita. Kipande cha kidole cha shahada, thelathini na moja. Cha kati, thelathini na tano. Naandika kila kipimo, na kila ninapoandika, namba inakaa pale pale kwenye karatasi bila kuinuka kwenda benchini.

Kisha nageukia ukurasa wa tamko. Nalikata lile tamko kwa mstari mmoja, kama tunavyofundishwa, ili kilichokosewa kiendelee kusomeka. Chini yake naandika: Hatukwenda Mkindowa. Fomu tulijaza wenyewe. Hapo ndipo naweka saini yangu.

Jiliwa anafunga taya taratibu, akibana hewa. Themanini na Mbili anaachia kwenye mishono, na vipande vyake vitatu vinaanguka kwenye kiti kwa utulivu.

"Asante, mama," vinasema, kila kimoja kwa sauti yake.

Lusajo anageuka, na kwa mara ya kwanza anaonekana mzima, macho mawili, mashavu mawili, na yote yamekasirika. "Umetumaliza," anasema.

"Najua," namjibu.

Wanawake wanainuka na kutoka mmoja mmoja. Mwantumu anajitanda khanga vizuri na kuwafuata. Nashikwa na hofu.

"Mama, nimeikana fomu. Wewe sasa utakuwa wapi?"

Ananitazama kama ninavyotazamwa na mama zangu wadogo nikiuliza chumvi iko wapi jikoni kwao.

"Nyumbani kwangu. Nimeanika mahindi, na wingu hilo silipendi."

"Nitakupataje?"

"Kijiji mlikiandika sawasawa."

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ghati, ambaye tunakaa chumba kimoja, alikuwa ameketi kitandani kwake akiwa na mswaki mdomoni, ananitazama.

"Sisaini," nikamwambia.

Akautoa mswaki. "Lusajo atatutafuna."

"Nitakwenda kwa Dokta Kyaruzi mwenyewe, kabla ya saa nne. Nitamweleza yote, na nitamwomba wiki mbili. Akikataa, amekataa."

Alisukuma shuka pembeni. Kisha akasema, "Tutakwenda wote. Kiganja kimoja pale mezani kilikuwa changu."

Kwenye karatasi tuliyopewa siku ya kupangiwa mradi kulikuwa na namba ya simu ya mwenyekiti wa kikundi cha Mkindowa, Bi. Semeni. Tulikuwa nayo kwa majuma tisa. Hakuna kati yetu aliyewahi kuipiga. Niliipiga saa moja kasorobo, nikaweka sauti ya juu ili Ghati asikie.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo, mama. Naitwa Nakijwa, mwanafunzi wa chuo. Sisi ndio wa mashine ya mahindi."

"Marahaba! Ee, nyie watoto mpo? Tulishasema wamepotea hao. Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Poleni na kazi. Tunaomba kuja huko kuwaona, na kuwapima mikono."

"Mikono?" Alicheka kidogo. "Wale waliowatangulia hawakupima. Walileta mashine, wakapiga picha, wakaenda zao. Njooni tu. Ila kuna mwenzetu mmoja sijui kama mtampima, maana mashine ile ya kwanza ilimkata vidole. Hataki hata kusikia neno mashine."

"Anaitwa nani, mama?"

"Mwantumu. Mwantumu Lugendo."

Ghati aliketi chini sakafuni, mswaki ungali mkononi. "Lile jina," alininong'oneza, "ulilitoa wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole asubiri.

"Mama," nikasema kwenye simu, "tutaanza na yeye. Tutamtengenezea mpini wa kusukuma kwa kiganja. Kwa mkono ule wa kulia, bila cha shahada na cha kati, hawezi kushika mwembamba."

Kwa mbali nilisikia kuku, na mtu akikusanya kitu kwenye turubai kwa haraka, kama mvua inataka kunyesha.

"Aah," akasema Bi. Semeni. "Kumbe mmeshaonana."